Picha Iliyowatangulia Wazee

Sadoki anapanga chumba cha mwisho katika nyumba yetu hapa Sogea, huu ni mwaka wa saba, na miaka yote hiyo sijamwona akipata mgeni aliyekuja kumsalimia tu. Wanaokuja wanakuja na picha. Wanasimama mlangoni, wanatoa simu au kipicha cha paspoti, wanaeleza wanachotaka achore, wanaondoka. Akiwakaribisha chai wanasema wana haraka. Tunduma yote ina haraka. Malori yanataka kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, watu wanataka kubadilisha kwacha, na mtu akikaa chini kunywa chai na mchoraji ataonekana hana kazi.

Ni mtu wa Ileje, Mndali, amezaliwa kwenye ile milima ambayo ukisimama mlangoni kwako unaona moshi wa jiko la mlima wa pili. Mama yake alikuwa hodari wa kupaka kuta kwa udongo mweupe na mwekundu kila baada ya mavuno. Sadoki akiwa mdogo alichora ng'ombe kwa mkaa juu ya ukuta uliokuwa haujakauka. Akachapwa, halafu mama yake akamwacha yule ng'ombe pale pale mpaka mvua ikaja kumfuta. Alipomaliza darasa la saba akaja Tunduma kuandika mabango. Vichwa vya wanaume walionyolewa kwenye milango ya saluni alichora yeye, na kuku wa hotelini, na maneno ya nyuma ya malori. Kisha zikaja mashine za kuprinti mabango, na ile kazi ikakatika kama kamba. Akabaki na penseli, kuchora sura za watu kwa kuagizwa. Alikuwa na mke, mke akaondoka. Hajaniambia zaidi ya kwamba aliolewa tena huko Kyela na Mungu amempa watoto.

Siku yake kubwa ilikuwa Jumapili. Tukitoka ibadani anatoa michoro ya wiki ile, anaiegemeza ukutani penye mwanga wa dirisha, anaipiga picha kwa simu na kuiweka stetasi ya Wasapu. Simu yangu mimi ni ya batani, kwa hiyo mambo hayo alinifundisha yeye. Aliniambia unaweka picha pale, watu wenye namba yako wanaifungua, na ikipita siku moja inajifuta yenyewe. Nikamwuliza, sasa ikijifuta ina faida gani. Akacheka.

"Mama Anna, wakati ipo ninaona majina ya waliotazama."

Basi alikuwa anageuza ndoo mlangoni, anakalia, anasoma majina. Mia moja na kumi. Mia moja na thelathini. Ugali wake ulipoa mara nyingi hivyo. Aliweka michoro ya kupenda mwenyewe, kama ile ya dereva aliyelala kivulini chini ya trela, kofia usoni, au ya wanawake wa ng'ambo na mabeseni yao ya dagaa. Aliweka na ya kuagizwa. Mchungaji mstaafu na joho lake. Maharusi waliotaka waongezewe gari nyuma yao, gari ambalo hawakuwa nalo. Kuna binti aliagiza bibi yake achorwe, kisha akasema bibi apunguzwe makunyanzi. Sadoki akapunguza. Bibi alipoletewa picha akaitazama sana, akauliza huyu ni nani. Watu walitazama, lakini wa kuandika neno walikuwa watatu, labda wanne.

Mmoja wao alikuwa Enesi, Mama Tusekile, ambaye tunasali naye ushirika mmoja na nyumba yake iko mtaa wa nyuma yetu. Mume wake Yonathani aliendesha lori la masafa, Zambia mpaka Kongo, wiki tatu hayupo, siku nne yupo. Mwezi wa tatu Enesi alimletea Sadoki picha ya watoto wao wawili, Tusekile na Isaka, wachorwe ili baba yao awabandike ndani ya kichwa cha lori, awe anawaona njiani. Tangu hapo kila Jumapili alimwandikia neno. Hongera kaka. Au, Mungu aibariki mikono hiyo. Sadoki alinisomea maneno hayo zaidi ya mara moja, na sikuyafikiria vibaya, maana hata yeye hakuyafikiria vibaya. Mwenye kiu haangalii kikombe.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mchana, mzee wa kanisa Yesaya akatuita wanawake wawili nyuma ya kanisa. Akatuambia lori la Yonathani limepinduka huko Zambia, mbele ya Mpika, na Yonathani amefariki. Mwili utavuka mpaka Jumatatu. Enesi ameambiwa kwamba mume wake amelazwa.

Kwetu mke haambiwi kwa simu, wala haambiwi akiwa peke yake. Anaambiwa kwanza kwamba mume anaumwa, baadaye kwamba amezidiwa, na muda huo ndugu wa mume wanasafiri, wazee wanapanga, wanachaguliwa wanawake wa kumshika. Siku ya kumwambia watu wanafika kwake asubuhi na mapema, wanakaa, wanaomba maji. Mwanamke akiona watu saba wamekaa sebuleni kwake saa kumi na mbili wakiomba maji ya kunywa, moyo unajua kabla sikio halijajua, lakini mikono ya kumdaka iko tayari. Ilipangwa iwe Jumatatu, na mimi nikawa mmoja wa wale wawili wa kumshika.

Jumapili nilikaa na Enesi benchi moja. Nikamwuliza habari za watoto. Akaniambia Baba Tusekile amelazwa Zambia, simu yake haipatikani, nisimsahau kwenye maombi. Nikamjibu kwamba nipo naye. Mungu anisamehe, sijui kama ule ulikuwa uongo au haukuwa.

Jumamosi ile ile, mimi nikiwa bado kanisani, dereva mwenzake Yonathani anayeitwa Shadrack alifika kwa Sadoki na madereva wengine wawili. Walileta kipicha kilichotolewa kwenye leseni. Walitaka mchoro mkubwa wa Yonathani wa kutangulia mbele ya jeneza wakati wa kuvuka mpaka, na chini yake jina, msalaba, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Walisema ni haraka. Sadoki alichora jioni ile, akaamka akaendelea, hata ibada hakwenda. Nilipotoka kanisani nikamkuta anapuliza vumbi la penseli kwenye karatasi. Nilimwangalia Yonathani pale mezani, nikamwambia Sadoki, umemtoa kama anataka kusema. Sikuongeza neno. Nilidhani anajua kwamba mke hajaambiwa, kwa sababu sisi sote tulijua.

Na yeye alidhani Enesi ameshaambiwa. Kwao milimani mtu akifa kilio kinaanza mlima mmoja, wanawake wa mlima wa pili wanakipokea, wa tatu wanakipokea, na kabla maji ya kuoshea maiti hayajachemka hakuna aliyebaki hajui. Huko kama watu wamefika hatua ya kuagiza mambo ya jeneza, mke alishalia sauti imekauka. Haya ya Tunduma, ya watu kufia nchi za mbali na habari kushikwa mkononi siku mbili tatu mpaka mwili ufike, mtu anayajua kwa kukaa kwenye vikao, au kwa kuwa na ndugu wa kumnong'oneza. Sadoki hakai kwenye vikao, na ndugu hapa hana. Watu walimwambia kazi, hawakumwambia habari.

Nikaingia ndani kusonga ugali. Yeye akaegemeza ile picha ukutani, akaipiga, akaiweka stetasi pamoja na ya dereva aliyelala na ya mchungaji mstaafu, kama kila Jumapili.

Saa tisa kasoro ujumbe uliingia. Baadaye alinionyesha, nikausoma mwenyewe. Ulisema hivi: "Jamani kaka umemtoa vizuri mno. Kumbe Baba Tusekile alikuagiza kimyakimya mimi sijui. Asante kaka, asante sana."

Alikuwa ameuona uso. Maandishi ya chini yalikuwa madogo, na furaha nayo haisomi. Mume aliyelazwa nchi ya watu, mara anamwona ametulia, amechanwa nywele, anamtazama. Alidhani ni zawadi. Sadoki naye alifurahi kwa muda ule wa kusoma tu, halafu akaelewa kwamba aliyefiwa hawezi kuandika hivyo. Alikuja jikoni kwangu na simu mkononi, na kabla hajaeleza sote wawili tukasikia kilio kutoka mtaa wa nyuma.

Nilikimbia na mwiko mkononi. Tulimkuta Enesi chini, kati ya jiko na mlango wa sebule, simu kando yake, ile picha imekuzwa mpaka penye msalaba na miaka. Binti yake Tusekile, miaka tisa, alikuwa amekaa sakafuni amemwekea mama yake kichwa mapajani, anamzuia asijipigize. Mikono iliyochaguliwa ilikuwa ya kwangu. Iliyomdaka ilikuwa ya mtoto.

Osea, kaka yake Yonathani, alifika kutoka Mbozi jioni. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba ile picha isilione jeneza. Basi Jumatatu mwili ulivuka mpaka bila picha mbele, Jumanne tukazika Mbozi, na Sadoki hakuja. Shadrack na wenzake walioiagiza hawakuja kuichukua. Nadhani waliona aibu, na aibu ikitafuta pa kukaa inakwenda kwa mtu asiye na watu.

Mtaani wakampa jina. Vijana wa bodaboda pale kona walimwita Redio. Akipita kwenda kununua mkaa, mmoja anasema, "Tulieni, Redio inapita," na mwingine anauliza, "Redio, leo unamtangaza nani?" Sadoki akaanza kuzunguka njia ya bondeni, ndefu, ili asipite kona ile. Wanaoagiza picha walikatika kabisa. Jumapili ya tatu alijaribu kuweka mchoro mmoja tu, wa mchungaji mstaafu, ule ule. Jioni nikamwuliza kwa upole walitazama wangapi. Akasema kumi na tisa, akaingia ndani.

Picha ya Yonathani ilikaa mezani kwake. Nilimpa kitenge changu aifunike. Siku moja alikuja kukaa kwenye ngazi ya jiko langu wakati nachambua maharage, akachukua sinia naye akachambua, kisha akasema bila kuniangalia.

"Mama Anna, picha ya marehemu inakaa wapi, kama wenyewe hawaitaki?"

Nilifikiri. Nikamwambia kuichoma hatuwezi.

"Siwezi, mama. Yale macho nimeyachora siku nzima. Hata kuigeuza ukutani nilijaribu nikashindwa, nikaona nimempa mtu mgongo." Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharage. "Chumbani tuko wawili. Ninakula naye. Hakuomba kuja kwangu, wala mimi sikumkaribisha."

Ndipo akaniambia anachotaka. Alitaka Enesi aipokee ile picha, au amwambie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba haipokei. Si Osea, si mzee Yesaya. Enesi. Na kama akikataa, basi yeye ataacha penseli, atarudi Ileje kwenye shamba la marehemu mama yake, alime. Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kufunga mzigo. Nilimhurumia sana, maana mikono ile sijui kama ingejua kitu kingine. Nikamwambia hatuendi kabla ya wiki sita, msiba upoe, halafu nitamsindikiza. Usiku na mchana katika wiki zile nilikuwa namtaja kwenye maombi, yeye na Enesi pamoja, nikiwa sijui nimwombee nani kwanza.

Tulikwenda mwezi wa kumi mwanzoni, mashamba makavu, kahawa imekwisha kuchumwa. Tulishuka Vwawa tukachukua pikipiki mbili mpaka juu ya Mbozi Mission, mimi na sukari kilo mbili na sabuni, yeye na picha kifuani imefungwa kwenye kile kitenge. Enesi alikuwa bado kwa wakwe zake, kwa Bibi Ruti, mama yake Yonathani. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, mbele kuna uwanja wa kuanikia kahawa.

Osea alikuwa uwanjani anapasua kuni. Alituona tangu mbali, hakuacha shoka. Tulipofika karibu akalichomeka kwenye gogo, akatuletea viti viwili, maana mgeni hafukuzwi kabla hajanywa maji. Maji aliyaleta Tusekile. Akapiga goti mbele ya Sadoki, akasema, shikamoo mjomba. Sadoki alichukua muda mrefu kuitikia mpaka mtoto akainua macho kumwangalia.

"Haya," Osea akasema. "Leo mmeleta tangazo gani?"

Nikamwambia, "Hatukuleta tangazo, baba. Tumekuja kuomba radhi, na tunamwomba Mama Tusekile atusikilize. Akitukataa tutaondoka na njia yetu."

Osea alitazama kitenge kifuani kwa Sadoki. Akaingia ndani. Tulikaa pale kwa muda, kuku wanapekua maganda ya kahawa. Kisha Enesi akatoka amemshika mkono Bibi Ruti, wakakaa kwenye mkeka. Alikuwa amepungua. Kichwani kitambaa cheusi, na kitenge amekifunga juu kama mtu anayesikia baridi.

Najua Sadoki alikuwa amepanga maneno, nilimsikia akiyarudia siku mbili nzima nyuma ya ukuta. Alipofungua mdomo yakatoka matatu tu.

"Dada, ni mimi."

"Najua ni wewe," Enesi akasema.

Akakunja ncha ya kitenge, akaikunjua. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Watu wanafikiri nakukasirikia kwa sababu nilijua kabla ya wazee kuja. Mimi kujua ningejua tu. Kama si Jumapili, ni Jumatatu. Kufa alikuwa amekwisha kufa. Lakini kaka, nilikuandikia asante. Mume wangu yuko mochwari, mimi nimekaa jikoni kwangu nakuandikia asante. Mara mbili. Hiyo ndiyo inayoniamsha."

"Nimeufuta ule ujumbe," Sadoki akasema.

"Umeufuta kwenye simu yako."

Nami nilikuwa na la kwangu, la lile benchi la kanisani, nikamwambia Enesi hapo hapo kwamba Jumapili ile nilikuwa najua, na nilimwitikia habari ya maombi huku najua. Akatikisa kichwa kidogo. Akasema, "Wewe ulifanya ulivyotumwa, mama." Sijui kama ulikuwa msamaha. Nimeupokea hivyo hivyo.

Bibi Ruti akaingilia. Ni mzee sana, jicho moja lina ukungu.

"Mnajadiliana wiki sita juu ya picha ya mwanangu, na mimi mwenyewe sijamwona. Nina picha yake ya kipaimara tu, na panya wameila. Fungua."

Sadoki alimtazama Enesi. Enesi hakukataa. Akafungua kitenge magotini, akaigeuza picha. Osea, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuza uso pembeni, halafu akarudi kuangalia. Bibi aliisogeza karibu na jicho lake zima. Kidole chake kilipita juu ya karatasi bila kuigusa, kwenye paji la uso, kikasimama juu ya nyusi.

"Amelitia na kovu lake," akasema. "Jembe lile. Alikuwa na miaka sita. Wewe ulilijuaje?"

"Kwenye picha ya leseni halikuonekana, bibi," Sadoki akasema. "Alikuwa akipita mlangoni kwangu akirudi safari. Alikuwa akisimama kidogo kunisalimia."

Sikuwa najua hilo. Miaka yote hiyo sikujua kwamba kuna mtu alikuwa akisimama.

Enesi akanyoosha mkono, akapewa picha. Alimwangalia mume wake kwa muda ambao mtu angeweza kwenda mtoni na kurudi. Hakulia. Mwisho akaweka kidole chini kabisa, penye maandishi.

"Futa huu mwaka."

"Mwaka gani, dada?"

"Huu wa pili. Na msalaba. Acha jina lake, na mwaka aliozaliwa."

Osea akasema watu watauliza, picha ya marehemu haiandikwi hivyo, itaonekana kama mtu yuko hai. Enesi hakumgeukia. Alisema tu kwamba waulize, na yeye ataamua nani amjibu, na lini.

Sadoki alitoa ufutio mfukoni, akaweka picha juu ya kiti, akapiga magoti kwenye vumbi la uwanja. Nimemwona akifuta mara nyingi, hufuta haraka. Siku ile alifuta kidogo kidogo, anapuliza, anafuta. Weusi wa penseli uliondoka. Lakini maandishi huwa anayakandamiza ili yasipotee, kwa hiyo ukiinamisha karatasi kwenye mwanga ulikuwa bado unaona alama ya namba zile zimezama. Alimwonyesha Enesi, akamwambia ukweli, kwamba hapa ndipo mwisho wa uwezo wake. Enesi akaiinamisha kwenye jua, akaangalia. Akasema inatosha.

"Picha nimeipokea, kaka," akasema. "Watoto watakuwa nayo. Lakini namba yangu ifute. Sitaki siku moja nifungue simu nione umechora nini."

Sadoki alitoa simu. Alitafuta jina lake, akamsogezea skrini aione, akalifuta mbele yake. Enesi naye akafanya vivyo hivyo kwenye ya kwake. Kisha Tusekile akaitwa alete chai, tukanywa, ikawa na sukari ile niliyoileta, na tukaongea habari za mvua kama watu wengine.

Tulitembea kwa miguu kushuka mpaka Mission. Nilidhani atakuwa amefurahi, maana alipata alichokitaka, na kuacha penseli hakupo tena. Alikuwa amekunja kile kitenge vizuri, amekibeba mkononi. Njia nzima alisema neno moja. Alisema, "Ameipokea."

Sasa anachora tena. Wateja wamerudi kidogo kidogo, na Redio wameichoka, wamepata mtu mwingine wa kumcheka. Jumapili anaweka stetasi watu walio hai, na masoko, na malori. Ndoo anaikalia, majina anayasoma. Sijamsikia tena akinisomea aliyeandika.

Wiki iliyopita alifika mtu kutoka Ivuna, anaitwa Jonasi, wa kazi ya chumvi, mikono imepasuka. Baba yake alikuwa amefia hospitali asubuhi ile, na alitaka mchoro wa kwenda nao nyumbani kwenye mazishi. Nilikuwa naanua nguo, nikawasikia. Sadoki aliipokea picha, akaitazama, akauliza habari za marehemu, pole zote akazitoa. Halafu akauliza kama kuna wa familia ambaye hajaambiwa.

Jonasi alishangaa. Akasema wote wanajua, isipokuwa dada yao mkubwa anayekaa Ndola, huko Zambia. Yeye ameambiwa mzee amezidiwa, ataambiwa akifika.

Sadoki akamrudishia picha. Alimwomba arudi nayo akishapokelewa dada huyo, na hapo ataanza mara moja, hata kama ni kuchora akiwa amesimama. Jonasi akasema si ya kuweka popote, ni ya kubeba tu. Sadoki akasema anaelewa. Jonasi akasema kwenye duka la kuprinti wanaitoa kwa nusu saa, hawaulizi maswali ya ukoo. Sadoki akasema hilo pia ni kweli. Mtu wa watu akaondoka amekasirika, na ilikuwa ndiyo kazi pekee iliyokuja wiki nzima.

Nilimwendea nikamkuta anarudisha penseli kwenye kopo, moja moja. Nikamwambia, mwanangu, hukuwa na haja ya kuionyesha, ungeichora ukaifunika, nani angejua.

"Mama," akasema, "huyo dada yuko njiani. Amekaa dirishani kwenye basi, na simu anayo mkononi."